Yona Ambaye Hakutapikwa

Kijiwe cha Mzee Bernadi pale Liuli, kando ya ziwa, hakina kibao wala paa la maana. Ni ubao wa boti iliyovunjika, umelazwa juu ya mawe mawili, unakaliwa na watu wanne kwa raha na watano kwa kuvumiliana. Mbele yake kuna jiko la mkaa na birika jeusi ambalo hakuna aliyewahi kuliona likioshwa. Kahawa Mzee Bernadi anaipata kwa mkwewe wa Kigonsera, anaikaanga mwenyewe mpaka inakuwa nyeusi kuliko birika, halafu anakukazia macho unapoinywa ili uone aibu kukunja uso. Wakubwa wana vikao vyao na sisi hatuwaingilii, ila jambo la Liuli haliwi jambo mpaka lipite pale ubaoni. Alasiri ile jambo lilikuwa Baltazar, na Baltazar mwenyewe alikuwa amekaa katikati ya ubao, kabanwa kushoto na kulia na watu waliokuwa wakimjadili kama vile hayupo.

Kisa chenyewe kilianza kabla ya Pasaka. Vijana wa kwaya walikuwa wamechoka kutazama tamthilia za Biblia za watu wengine. Mnazijua. Manabii wana meno meupe na ndevu zilizochanwa, wanatembea jangwani mwezi mzima na kanzu haichafuki, wanalia bila kutokwa kamasi, na juu ya kilio chao inapanda sauti ya mtafsiri wa mjini anayemfanya Farao aongee kama kondakta. Erasmo, mwalimu wa kwaya, akasema basi, hata sisi tuna ziwa letu. Wakachagua Yona, maana huyo ndiye nabii anayehitaji boti, na boti ilikuwepo, ya Egidi. Baltazar akapewa kuwa Yona kwa sababu alikuwa baharia wa Egidi na hakuna anayemshinda kupiga mbizi pwani yote hii. Egidi akawa nahodha wa merikebu, kwani alikataa katakata boti yake iongozwe na mtu mwingine hata kwa kuigiza. Wakaenda mbele ya jiwe la Pomonda, wakapiga kura kwa vifuniko vya soda, kura ikamwangukia Baltazar kama walivyopanga, wakamrusha majini.

Wakaishia hapo. Wiki iliyofuata Erasmo alipata kazi Songea, akaondoka na simu yake ya kurekodia. Samaki hakuigizwa, Ninawi haikuigizwa. Picha inakwisha Yona yumo majini, mapovu yanapanda, kwaya inaimba. Ikaonyeshwa ukumbini kwa kanisa zima, watu wakapiga vigelegele, ikaingia kwenye simu mpaka Mbamba Bay. Halafu mwera, ule upepo mkali wa kusini, ukaanza kuvuma. Boti ya Egidi ikatoka na Baltazar ndani, ikarudi na maji badala ya dagaa wetu wa usipa. Ikatoka tena, nyavu zikachanika. Baharia mmoja akanong'ona, wa pili akaongezea chumvi, na Egidi, ambaye si mtu mbaya, akamwambia Baltazar apumzike kidogo. Manahodha wengine walipoombwa walitazama pembeni. Hicho kidogo kikawa kirefu. Baltazar akabaki kushona nyavu za wenzake mchangani, na sasa kilichobaki kilikuwa kupanda gari la kesho asubuhi kwenda Mbinga kuchuma kahawa za watu, amwache mkewe Oliva na watoto nyuma. Hakuwa na ugomvi na kahawa. Ila yeye ni mvuvi, na kuondolewa ziwani kwa sababu ya kuigiza kulimuuma kuliko angefukuzwa kwa wizi. Alikuja kijiweni kuuliza mara ya mwisho.

— Nahodha, kesho naondoka, alimwambia Egidi. Leo mnatoka. Nipande au nisipande?

Egidi akapuliza kahawa yake, ingawa ilikuwa imeshapoa.

— Baltazar mdogo wangu, mimi na wewe hatuna neno. Ni mabaharia. Wanasema ukipanda wewe, wao wanashuka.

— Kwa kosa gani?

— Si unajua mwenyewe. Mwera.

— Ebo! akadakia Mzee Bernadi, birika mkononi. Mwera si unavuma kila mwaka miezi hii? Ulivuma baba yangu akiwa hai, ukavuma siku tunamzika.

— Unavuma, mzee, nani amekataa? Lakini miaka yote ulikuwa unavuma tu. Mwaka huu una mwenyewe.

Huyo alikuwa Joakim. Jina lake la kijiweni ni Dishi, kwa sababu ana dishi kubwa kuliko nyumba yake, na tamthilia zote za Biblia anazimaliza yeye kwanza, halafu anakuja kutuharibia sisi tuliobaki kwa kutusimulia nani anakufa. Akasogea mbele, ikabidi ubao mzima usogee naye.

— Sikilizeni niwaambie. Wale wenzetu wanaoigiza manabii, mnadhani hawana akili? Mnadhani kwa nini wanaweka mtafsiri?

— Ili tuelewe, akasema Egidi.

— Ndivyo mnavyodhani! Mtafsiri anawekwa ili abebe mabaya. Neno likitoka kwa mwigizaji linapita kwa mtafsiri, linaacha uchafu wote hapo. Ndiyo maana sauti zao zimekwaruza. Sasa ninyi mmemrusha mtu ziwani kwa Kiswahili kikavu, moja kwa moja, bila mtafsiri. Mlitegemea nini?

— Kwa hiyo tungeigiza kwa Kinyasa halafu tukatafsiri kwa Kiswahili, ingekuwa salama? akauliza Egidi.

— Salama kabisa. Mabaya yangemfuata Erasmo huko huko Songea.

Mzee Bernadi akatikisa kichwa, akamwongezea Baltazar kahawa bila kuombwa. Baltazar aliona huruma ile kwenye kikombe, na huruma ikamkera. Alitaka kusimama aende zake. Hakusimama, kwa sababu mtu anayesubiri jibu hawezi kuondoka jibu likiwa bado mdomoni kwa mwenzake.

— Dishi unatupotezea muda, ilisema sauti ya mwisho wa ubao. Suala hili liko wazi katika Maandiko.

Cuthbert huyo, Sura na Mstari. Hakuna neno asilolipatia sura na mstari, na hakuna anayethubutu kwenda kufungua kuhakiki, kwa kuogopa kumwaibisha. Alikuwa ameweka kikombe chini, dalili mbaya.

— Yona alitupwa majini. Sawa? Akamezwa. Akakaa tumboni. Akatapikwa nchi kavu. Hayo ni mambo manne. Ninyi mmefanya moja, mmekwenda zenu kula pilau ya Pasaka. Sasa naomba mniambie, Yona wa Liuli yuko wapi?

— Si huyu hapa, Egidi akamwonyesha Baltazar kwa kidole gumba.

— Huyu unayemwona ni mwili. Kwa mujibu wa picha, Yona hajatoka. Hajatapikwa. Huyu bwana anayekunywa kahawa hapa bado yumo tumboni mwa samaki, sura ya pili mstari wa arobaini.

Watu wakamgeukia Baltazar, wakamtazama kwa makini, kama wanaotafuta magamba. Baltazar akakunja miguu. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na pamoja na aibu, Mungu amsamehe, tumaini kidogo. Kama ugonjwa una jina basi huenda una dawa.

— Sasa natokaje? akauliza.

— Tunakamilisha. Tunakuviringisha kwenye turubai, siku tatu. Turubai ndiyo tumbo. Halafu tunakumwaga ufukoni, tunapiga picha na simu, tunaiunga na ile ya mwanzo. Mabaharia wakiona umetapikwa, watakaa kimya.

— Siku tatu kwenye turubai kwa jua hili, akasema Mzee Bernadi, mtamtoa amekauka kama usipa.

— Nina swali, akaingia Dishi. Ni samaki gani? Maana ziwa letu halina nyangumi.

— Samaki ni samaki.

— Si samaki tu! Tukisema ni mbasa watu watacheka, mbasa mkubwa kabisa hamezi hata kuku. Kambale labda.

— Kambale ana mdomo, Egidi alikubali. Lakini kambale hatapiki. Mimi nimevua tangu utoto, sijawahi kuona kambale anarudisha alichokula.

— Basi ndiyo maana hajatoka! akasema Sura na Mstari, akapiga goti lake kwa furaha. Amemezwa na kambale!

Baltazar alivuta pumzi.

— Nitaingia, akasema.

Hata Sura na Mstari mwenyewe alishtuka.

— Utaingia wapi?

— Kwenye turubai. Siku tatu, siku nne, mnavyotaka. Kama nikitoka humo nahodha atanipandisha, leteni turubai sasa hivi.

Hapo ndipo mzaha ulipoanza kuwa mchungu. Egidi alitazama mchanga. Kumsikiliza mtu akichekwa ni rahisi, lakini kumsikia akikubali kuviringishwa kama mzigo wa mihogo ili arudishiwe kazi yake ni jambo jingine. Egidi alikuwa anampenda Baltazar. Walikuwa wamekokota nyavu pamoja tangu wote wawili hawajaoa. Lakini mbele ya mabaharia wake alikuwa anaogopa, na mbele ya ziwa alikuwa anaogopa zaidi, na mtu mwenye hofu mbili hana hata ulimi mmoja.

— Turubai peke yake halitoshi, akasema kwa sauti ndogo. Nimelifikiria sana hili usiku. Mwenyewe Yona hakusumbuliwa kwa sababu ya samaki. Alisumbuliwa kwa sababu alikataa kwenda Ninawi. Labda... labda aende Ninawi.

— Ninawi iko wapi?

— Hilo ndilo sijui.

— Mimi najua, akasema Dishi. Ninawi ni Mbinga.

— Mbinga?

— Fikirieni. Mji mkubwa, uko juu mlimani, baridi, watu wengi, ukifika stendi hakuna anayekusalimia kila mtu anakimbiza mambo yake. Kwenye tamthilia Ninawi iko vilevile, wamepunguza tu bodaboda.

— Mkwe wangu anakwenda Mbinga kila wiki, akalalamika Mzee Bernadi. Ni mji mzuri tu.

— Hata Ninawi ilikuwa nzuri, mzee. Ilitubu.

Baltazar akageuka upesi.

— Basi si ndiko ninakokwenda kesho? Nakwenda kuchuma kahawa huko huko. Nikirudi nitakuwa nimetimiza?

— Kuchuma kahawa siyo kuhubiri, akasema Sura na Mstari kwa huzuni ya kweli. Inabidi usimame stendi, upaze sauti, uwaambie Mbinga itaangamizwa.

— Watampiga, akasema Mzee Bernadi.

— Wakimpiga ndiyo itakuwa imekolea.

— Au tubadilishe sauti, akasema Dishi, ambaye sasa alikuwa haambiliki. Picha tunaiacha ilivyo, sauti tunaweka nyingine. Mtafsiri anasema: huyu anayeruka majini ni Petro, anamfuata Bwana. Kwisha! Wote wenye picha kwenye simu tunawatumia mpya. Baltazar analala Yona, anaamka Petro.

— Petro naye alizama, akasema Sura na Mstari.

— Alizama kidogo tu!

Wakati huo mama mmoja alikuwa amesimama kando ya jiko, kitenge begani, kikapu kichwani, akisubiri kelele zipungue ili asalimie kwa adabu. Hakuwa mtu wa hapa. Viatu vyake vilikuwa na udongo mwekundu wa mlimani.

— Hodi hapa.

— Karibu mama. Shikamoo, wakasema wote isipokuwa Mzee Bernadi, aliyenyanyua birika kama salamu.

— Marahaba wanangu. Baba, za saa hizi?

— Njema mama, karibu. Unatokea wapi?

— Natoka Tingi. Naitwa Dorothy. Binti yangu kajifungua hapo hospitali, wamesema saa ya kuona wazazi bado. Nikasema nipate kahawa, miguu imekwisha.

Wakampongeza kwa mjukuu, wakambana Sura na Mstari mpaka akainuka kumwachia nafasi. Mama Dorothy akaketi, akatua kikapu, akapokea kikombe. Alionja, na hakukunja uso. Mzee Bernadi akampenda papo hapo.

— Mlikuwa mnagombania nini, nimesikia mpaka kule barabarani?

Walimweleza wote kwa pamoja. Mtafsiri, kambale, turubai, Ninawi, Petro. Mama Dorothy akageuza kichwa huku na huku kama mtu anayetazama mpira, mwisho akainua mkono.

— Ngoja kwanza. Hiyo picha yenyewe iko wapi?

Dishi akatoa simu. Mama Dorothy akaishika mbali kidogo na macho, akatazama kwa utulivu mkubwa. Vifuniko vya soda vikamwagika kwenye sakafu ya boti. Egidi wa kwenye simu, kavaa shuka la kitanda, akapiga kelele za kutisha. Baltazar wa kwenye simu akainuliwa na watu wanne na kurushwa. Maji. Mapovu. Kwaya.

— Mmeigiza vizuri, akasema. Huyu mwenye shuka si ndiye wewe?

— Ni mimi, mama, Egidi alijibu, kidogo kwa fahari.

— Na aliyetupwa ni huyu kijana. Ndiyo huyo mnayesema ana upepo.

— Ndiyo mama.

— Na siku hizi hapandi boti.

— Hapandi. Tumemshusha tangu mwera ulipoanza.

Mama Dorothy akanywa funda moja. Hakuwa anawinda mtu, alikuwa anauliza tu, kama anavyouliza mgeni yeyote anayetaka kuelewa mambo ya watu.

— Katika Biblia, walipomtupa Yona bahari si ilitulia hapo hapo? Sasa ninyi, tangu mmemshusha huyu, upepo umetulia?

Sura na Mstari alitazama angani, akitafuta sura, hakupata hata mstari. Mzee Bernadi aliacha kumimina. Wote wakamtazama Egidi, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa ziwani usiku uliopita, na wote walikuwa wamemwona asubuhi akirudi.

— Egidi, akasema Mzee Bernadi taratibu. Jana mlileta nini?

Egidi aligeuzageuza kikombe mkononi. Asubuhi ile boti ilirudi na nusu ndoo ya usipa na kasia limevunjika. Wiki iliyopita walirudi na ndoo tupu. Nyavu zilinasa kwenye miamba, na kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kuzizamia, walizikata kwa kisu na kuziacha huko chini. Mwera haukuwa umetulia hata siku moja.

Baltazar alihisi kitu kinalegea ndani ya kifua chake, kitu alichokuwa amekikaza muda mrefu hata akasahau kuwa kimekazwa. Kumbe. Siku zote hizo alikuwa amelala akijiuliza kama kweli ana kitu. Alikuwa ameanza kuamini. Alikuwa ameanza kuogopa kunawa uso ziwani. Na jambo lenyewe lilikuwa dogo hivi, mtu yeyote angeweza kuliona, wasingekuwa wote wanatazama simu.

— Sasa, akasema Dishi, ambaye hawezi kuacha ukimya peke yake. Kama siyo yeye, na upepo upo, basi ndani ya boti yupo mwingine. Tuwahesabu. Kuna Salvatory, kuna yule mfupi, halafu kuna nah...

— Dishi, akasema Egidi.

— Nimeuliza tu.

— Usiulize.

Egidi alisimama. Aliposimama ubao ulipanda upande mmoja, na Sura na Mstari, aliyekuwa ameegemea ukingoni, nusura aanguke. Nahodha akakung'uta mchanga kwenye suruali yake kwa muda mrefu kuliko mchanga uliokuwepo. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyetua gunia.

— Mabaharia nitawauliza swali la huyu mama, akasema. Atakayeendelea kubisha abaki nchi kavu. Baltazar, kabuti lako liko wapi?

— Nyumbani. Oliva kashalikunja, liko kwenye mfuko wa safari.

— Nenda kalikunjue.

Baltazar alitaka kusema neno la kiume, neno la mtu aliyeonewa na kusamehe. Halikuja. Macho yalimjaa mbele ya watu wote na hakuyafuta. Akamshika Mama Dorothy mkono kwa mikono yake miwili, naye akamwambia, haya mwanangu, wahi, huku akiuliza kama kahawa imebaki. Haikubaki. Mzee Bernadi alikuwa amemimina tone la mwisho kwenye kikombe cha Egidi bila kutazama, na hakuna aliyelalamika.

Baltazar alipanda njia ya nyumbani kwanza kwa kutembea, kwa sababu ni mtu mzima mwenye watoto. Alipopita kona ya kanisa, ambako kijiwe hakimwoni tena, akakimbia. Oliva alikuwa uani akipepeta mahindi. Alipomwona mumewe anakuja mbio, macho mekundu, alidondosha ungo akadhani kuna msiba.

— Baba Glorious! Kuna nini?

— Fungua mfuko, mama, alipiga kelele akiwa bado mbali. Fungua mfuko, nimetapikwa!